Maswali Yenu ya Maabara: Limfosaiti za mtoto 58, ni kansa?

Swali: Habari za kazi mtaalamu, mwanangu ana miaka miwili, alikuwa na homa na mafua nikampeleka kituo cha afya wakampima FBP (picha kamili ya damu), karatasi inasema WBC (chembe nyeupe zote) 9.8, LYM (limfosaiti) 58% pembeni kuna H (juu), NEU (neutrofili) 33% ina L (chini), MID 9%. Kaka mmoja wa duka la dawa kaangalia akasema chembe nyeupe zimepanda, inaweza ikawa kansa ya damu au ukimwi. Tangu juzi silali. *Mama J, Morogoro*

Jibu: Pole sana mama J. Kwa mtoto wa miaka miwili hayo majibu ni ya kawaida kabisa, na inaniuma mtu kukutisha namna hiyo kwa karatasi tu. Kuanzia wiki chache baada ya kuzaliwa mpaka kwenye miaka minne au mitano, limfosaiti ndo huwa nyingi kuliko neutrofili (zote ni aina za chembe nyeupe), baadae neutrofili ndo zinakuwa nyingi. Hizo H na L anaweka mashine, na mara nyingi mashine imesetiwa viwango vya mtu mzima hata kama aliyelala kitandani ni mtoto.

Halafu asilimia peke yake isikutishe, zidisha na WBC. 9.8 maana yake ni chembe 9,800 kwenye maikrolita moja ya damu, kwahiyo limfosaiti zake ni kama 5,700 na neutrofili kama 3,200, zote ziko sawa kwa umri wake. Mtu mwenye WBC 2.0 na NEU 50% anaonekana mzuri kwenye asilimia lakini ana neutrofili 1,000 tu, huyo ndo wa kumfuatilia.

MID ni kapu moja, mashine ndogo inatenganisha chembe kwa ukubwa tu, kwahiyo aina nyingine za chembe nyeupe, yaani monosaiti, eosinofili na basofili, inazirundika pamoja. Dokta akiwa na wasiwasi anaomba slaidi: tone la damu linatandazwa kwenye kioo, linapakwa rangi ya Giemsa au Leishman, halafu mtu anakaa kwenye darubini na lenzi ya 100 yenye mafuta anahesabu chembe nyeupe 100 moja moja, sehemu ambayo chembe nyekundu hazijapandana. Neutrofili ina kiini kilichogawanyika vipande viwili mpaka vitano, limfosaiti kiini chake ni duara kimejaa karibu chembe nzima, monosaiti ndo kubwa kuliko zote na kiini kimejikunja kama figo, eosinofili imejaa punje za rangi ya chungwa, hizo zikiwa nyingi tunafikiria minyoo, kichocho au aleji. Kansa ya damu inatafutwa hapo, kwa kuona chembe changa ambazo hazitakiwi kuwepo kwenye damu ya mtu mzima wala mtoto, haitajwi kwa LYM 58. Ukimwi nao una kipimo chake kabisa.

Na ukirudia kesho kwa slaidi ukapata 51 usishtuke, kwa kuhesabu chembe 100 tu, 58 inaweza kucheza kati ya 48 na 68 bila chochote kubadilika mwilini. Mrudishe hospitali kama homa haiishi, anapauka, anatoka michubuko bila kuanguka au tezi zinavimba.

Swali: Mi nina miaka 27, kila nikipima afya ya kazini NEU inakuja 1.4 ina L, ila siumwi kabisa. Shida nini? *Dar*

Jibu: Hiyo 1.4 maana yake ni neutrofili 1,400 kwenye maikrolita moja. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama inayoitwa Duffy kwenye chembe nyekundu, na kuikosa huko ndo kunawakinga na malaria ya vivax (aina mojawapo ya malaria), na watu hao neutrofili zao kwenye damu huwa chache kiasili bila ugonjwa wowote. Viwango vingi vya kwenye mashine vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Tunza karatasi zako zote za zamani umuonyeshe dokta, kama ni 1.4 miaka yote na chembe nyingine ziko sawa, basi huenda ndo kawaida yako. Ikishuka chini ya 1.0, au ukianza kupata vidonda vya mdomoni na homa za mara kwa mara, hapo wahi hospitali.