Uzi Hufa Kabla Haujakatika

Swali la wiki: Ni kitu gani unachobadilisha kabla hakijaharibika, na nani alikufunza hivyo?

Nyuzi za gitaa. Najua wengi watataja oili ya gari na tairi, na sina ugomvi nao. Mimi hupiga gitaa la umeme, solo, kanisani kila Jumapili na kwenye bendi yetu ya rhumba na benga Jumamosi kukiwa na harusi. Kwa karibu miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kubadilisha uzi ambao haukuwa umekatika. Ningebadilisha kwa nini? Nyumbani kwetu Kayole kitu kizima hakitupwi. Kiatu hushonwa, sufuria hutiwa kiraka, na uzi ukikatika unanunua huo mmoja, unaufunga, ibada inaendelea.

Aliyenivurugia hesabu hiyo ni mpiga kinanda wetu. Kinanda cha umeme hakijui kupotea: ukibonyeza ile noti ya kutunia ni mitetemo 440 kwa sekunde, leo na mwaka ujao. Sasa kila nilipopanda juu ya shingo ya gitaa, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 9 kwenda ya 12, ambako solo zetu zote hukaa, alikuwa akinigeukia huku amekunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyolala. Ibada ikiisha ananijia: "Ndugu, tuni gitaa." Nami nilikuwa nimetuni! Nina ile tuna ndogo ya kubana kichwani mwa gitaa, na nyuzi zote sita zilikuwa zimewaka kijani. Nikipiga wazi, safi. Nikipiga huku chini karibu na kichwa, si haba. Nikipanda, kunachacha. Tulinuniana wiki kadhaa. Siku moja nilimwambia masikio yake ndiyo yanayohitaji kutuniwa, mbele ya kwaya nzima, jambo ambalo nimekwisha kumwomba radhi.

Nikaamini shingo ya gitaa imepinda. Nikalibeba hadi River Road, ghorofani kwa fundi mmoja mzee aliyepiga benga ujanani mwake. Nikamweleza shida yangu kwa urefu. Mzee hakulichomeka hata kwenye amplifaya. Alipitisha ukucha wa kidole gumba chini ya uzi wa tatu, ule upande unaotazama freti, kisha akaniambia niweke wangu. Nikahisi vijishimo, tik, tik, tik, kimoja kila penye freti. Akachukua kipande cha karatasi nyeupe, akapangusa uzi huo huo, kukatoka mstari wa kahawia.

"Kijana, gitaa lako ni zima," akasema. "Nyuzi ndizo zimekufa, nawe unangoja zikatike ndipo uzike."

Alikataa pesa yangu. Alinituma nikanunue seti nzima, nikarudi, akazifunga mwenyewe akinionyesha. Jumapili iliyofuata mpiga kinanda hakugeuka hata mara moja.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba uzi ukianza kufa haufi kote kwa pamoja. Nyuzi tatu nene za gitaa la umeme zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwembamba wa chuma uliopakwa nikeli. Katikati ya mizunguko hiyo huingia jasho, mafuta ya vidole na ngozi iliyobanduka, na uchafu huo haujipangi sawasawa: hapa umejaa, pale hakuna. Zile tatu nyembamba ni waya mtupu, wenye ngozi nyembamba ya bati juu yake. Bati likiliwa, kutu inaanza kazi. Na zote sita zinabondwa na freti mahali pale pale kila siku. Mwishowe unabaki na uzi ambao uzito wake haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiutuni wazi, tuna inakubali, kwa sababu uzi wote unapiga kwa pamoja. Ukiubana katikati unaukata vipande, na kipande kimoja si ndugu wa kingine tena.

Ndiyo maana kipimo changu ni freti ya 12, iliyo katikati ya uzi. Gusa uzi pale kidogo tu bila kuubana, upige: unatoa sauti moja kama ya kengele ndogo. Kisha ubane pale pale, upige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Zikipishana kwenye nyuzi kuukuu, usikimbilie bisibisi kusogeza vile vitandiko vya darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa. Badilisha nyuzi kwanza, upime tena. Nimeona vijana wakikoroga gitaa zuri lililopangwa vizuri, wakilifuata lipatane na uzi uliooza, na uzi mpya ukifungwa kila kitu kinakuwa kombo.

Na nasema hivi: sisi wa benga tunaumia kabla ya wengine. Benga inatembea juu ya shingo, kwenye nyuzi nyembamba, noti moja moja, mbio, maana gitaa lake lilijifunza kusema kutoka kwa nyatiti, kinubi cha Waluo, na nyatiti yenye nyuzi zake nane haina pa kuficha noti mbovu. Mtu anayepiga ridhimu nzito huku chini anaweza kukaa na maiti hizo miezi sita asijue. Mpiga solo atasikia, au atasikilizishwa.

Nyatiti imenikumbusha aibu nyingine. Siku hizi nyatiti nyingi hufungwa mshipi wa kuvulia samaki, nami nikiwa bado mwanafunzi uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ulinikatikia saa mbili usiku, maduka yamefungwa. Nikawaza: kama mshipi unafaa kwenye nyatiti, kwa nini usifae hapa? Nikaufunga, nikautuni, ukalia vizuri kabisa mkononi. Nikachomeka amplifaya, kimya. Nyuzi tano zinasikika, mmoja bubu. Nilipekua waya zote za amplifaya hadi usiku wa manane kabla ya kugundua kwamba chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku, na sumaku inasikia chuma tu. Nailoni kwake ni hewa. Waya wa breki ya baiskeli ungesikika, na kuna wakongwe walioanzia huo, lakini vidole vyangu sivipi adhabu hiyo.

Gharama ndiyo hoja ya kila mtu, na siipuuzi. Seti ya kawaida mjini ni shilingi mia kadhaa. Ya jina kubwa inaweza kuvuka elfu. Ndipo watu wanapokimbilia kununua uzi mmoja mmoja. Kwa dharura ni sawa, mimi mwenyewe sitoki nyumbani bila nyuzi mbili za akiba za ule wa kwanza. Lakini uzi mmoja mpya kati ya watano waliokufa ni kama jino la dhahabu kwenye kinywa kilichooza: unang'aa na kuwaaibisha wenzake. Mpiga ridhimu wetu wa rhumba ana ruhusa yangu, kwa kuwa yeye hutoa uzi wa nne na kufunga mwembamba badala yake, akautuni oktavu moja juu, kama walivyofanya Wakongo. Huyo lazima anunue mmoja mmoja.

Mpiga besi wetu yeye huchemsha. Anatoa nyuzi zake nne, anazikunja ndani ya sufuria, dakika kumi hivi motoni, anazikausha na kuzirudisha. Nilimcheka mpaka nikamsikia. Maji moto hulegeza ule uchafu kwenye mizunguko, na sauti inarudi kweli, hata kama hapa Nairobi kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Kwa bei ya nyuzi za besi, namwelewa. Ila baada ya siku chache zinalala tena, maana sufuria haifukii vishimo vya freti wala haiondoi kutu. Na mkewe amemnunulia sufuria yake peke yake.

Kinachookoa pesa zaidi ya yote ni kitambaa. Fulana kuukuu ya pamba inakaa ndani ya mfuko wa gitaa langu, na kila nikimaliza kupiga nashika uzi kwa kitambaa hicho, juu na chini yake, napangusa wote urefu wake. Nusu dakika. Na mikono inaoshwa kabla, hasa harusini. Wapigaji huitwa kwenye nyama choma katikati ya shughuli, halafu wanapanda jukwaani na vidole vinavyometameta, na kesho yake wanalaumu nyuzi kwamba ni feki. Jasho nalo si moja. Kuna kijana wa kwaya ambaye nikimwazima gitaa Jumapili moja, Jumatano nakuta nyuzi nyeusi. Si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa, lakini siku hizi namwambia aje na seti. Tulipoenda kupiga Mombasa, ile hewa ya chumvi ilimaliza kwa siku tano kazi ambayo huku hufanywa na mwezi mzima.

Mimi sasa hubadilisha kila wiki ya tano, nimeandika kwenye simu, kwa sababu sikio langu silitegemei. Sikio huzoea. Uzi hufifia kidogo kidogo kila siku nawe unafifia nao. Zipo nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa kuzuia uchafu, na zinadumu kweli. Ni ghali, na mimi sizipendi chini ya vidole, zinateleza. Mwenye jasho kali anunue.

Nazifunga Jumatano au Alhamisi, kamwe si Jumapili asubuhi, maana uzi mpya hujilegeza hadi utulie kwenye kigingi chake. Nautuni, nauvuta taratibu kwa kidole mbali na shingo, unashuka, nautuni tena, mara nne au tano hadi ukome kushuka. Mizunguko miwili mitatu kigingini inatosha, ikishuka kwenda chini bila kupandana. Ukijaza kumi, gitaa litapotea tuni kila ukivuta noti. Gitaa langu ni la daraja linaloelea, lenye springi mgongoni, basi nabadilisha uzi mmoja mmoja. Nyuzi sita za seti ninayotumia, ile ambayo uzi wa kwanza una unene wa robo milimita, zinavuta kwa pamoja kwa nguvu ya kilo 46 hivi, karibu na mfuko wa saruji, na springi ziko kule nyuma zikishindana nazo. Ukiondoa mfuko huo kwa mkupuo, daraja linazama. Wenye daraja lililokazwa wanaweza kutoa zote, na ndiyo nafasi yao ya kufuta shingo vumbi. Ila seti ya unene mwingine ukiileta, kila mtu atalazimika kurekebisha shingo na daraja, kwa hiyo ukipata unene unaokufaa, oa hapo.

Kitu kimoja nusura nisahau: uzi ukikukatikia daima mahali pale pale, darajani tuseme, kosa si la uzi. Kuna ncha kali inayouuma. Msasa laini, kidogo tu, unamaliza kesi.

Nyuzi kuukuu nazikata vipande vifupi na kuzifunga kwenye chupa ya plastiki, maana zikitupwa hivi hivi zinamchoma mwenye kuchambua taka. Isipokuwa ule wa kwanza. Huo huchukuliwa na mama, ambaye ameufunga vijiti viwili kwenye ncha zake, na ndio anaokatia sabuni ya mche pale kioski. Anasema kisu kinavunja kingo. Wiki iliyopita aliniuliza mbona safari hii nimechelewa kumletea mpya.