Kabla hujafungua kiganja

Mimi ni mkaanga samaki hapa Bagamoyo, karai langu liko sokoni ufukweni, na nimekuwa nikipokea Komunyo tangu nikiwa darasa la nne. Natanguliza hilo usije ukadhani unasoma maneno ya mwanateolojia. Kwenye jumuiya yetu mabinti waliopata Kipaimara juzijuzi huniuliza, "Mama, mbona napokea kila Jumapili na sisikii kitu?" Zamani nilikuwa najibu: sali zaidi. Siku hizi nauliza kwanza: umegombana na nani?

Kisa chenyewe ni cha kikoba. Nilimdhamini mwenzangu mkopo, mama tunayesali naye jumuiya moja na kukaanga naye soko moja. Biashara ikamwendea vibaya, akashindwa kurejesha, nikakatwa hisa zangu 180,000. Sikugombana naye. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko matusi. Kanisani, Padre akisema tutakiane amani, nilimpa mkono kila mtu aliyekuwa karibu, ila ikifika zamu yake ghafla nina ukurasa wa kutafuta kwenye kitabu cha nyimbo. Kisha nainuka napanga mstari, napokea. Miezi saba hivyo. Nilikuwa naona Komunyo imechuja, nalaumu kwaya, nalaumu mahubiri marefu, nalaumu feni.

Jumapili moja mstari ukatupanga yeye mbele, mimi nyuma. Padre akasema, "Mwili wa Kristo." Akaitika "Amina" na kunyoosha mikono, wa kushoto juu ya wa kulia. Nikauona mkono wake kwa karibu. Kwenye kifundo, chini tu ya kiganja, ana kovu la mafuta, limekunjamana na kung'aa kama ganda la kitunguu. Mimi ninalo palepale. Kila mwenye karai analo. Samaki mwenye maji ukimtumbukiza kwa haraka, mafuta yanakurukia hapo. Hostia ikakaa inchi moja kutoka kwenye lile kovu. Nikajifanya nakohoa, nikatoka kwenye mstari, nikaenda kukaa nje kwenye ile njia ya miembe.

Nilichokumbuka pale chini ya mwembe ni Paulo na Wakorintho wake. Sura ya 10 ya barua ya kwanza anasema mkate ni mmoja, kwa hiyo sisi tulio wengi ni mwili mmoja. Sura ya 11 anawafokea. Na hawafokei kwa sababu wamekosea nyimbo au mavazi. Wenye nacho walikuwa wanatangulia kula wanashiba, maskini wanabaki na njaa, halafu wote wanajiita wako kwenye meza ya Bwana. Nilikuwa nimeisikia sehemu ile mara nyingi, lakini siku zote niliisoma kama habari za watu wa mbali. Kristo yumo katika Ekaristi, sisi Wakatoliki hatuna shaka na hilo, wala uwepo wake hausubiri nisisimke. Ila nilikuwa namwambia Kristo "Amina" huku kiungo chake kingine nakigeuzia mgongo. Unaungana na kichwa, mkono unaukataa? Haiwezekani.

Basi Jumatano nikaenda kwake, Magomeni (yetu ya Bagamoyo, si ya Dar). Mathayo 5 inasema uiache sadaka mbele ya altare, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Haisemi umsubiri aje. Hatukulia wala kukumbatiana kama kwenye tamthilia. Alinipa chai, akanipa 40,000, nikamwambia nilikuwa nakuchukia. Akasema, "Nilijua." Zilizobaki bado hajamaliza hadi leo. Jumamosi nikaenda kuungama, Jumapili nikapokea. Wala sikuona mwanga wowote. Lakini wiki ile nilianza kusali Baba Yetu bila kuruka haraka ile sehemu ya "kama sisi tunavyowasamehe".

Mengine ninayowaambia mabinti ni madogo. Pokea mara kwa mara, usingoje uwe malaika. Papa Pius wa Kumi alihimiza Komunyo ya mara kwa mara, hata kila siku, mwaka 1905, kwa mtu asiye na dhambi ya mauti na mwenye nia safi. Ukiwa na dhambi hiyo, kitubio kwanza. Funga kula ile saa moja kabla ya kupokea, kwa heshima. (Shoga yangu Mwislamu, tunayepanga naye meza sokoni, alicheka sana kusikia ni saa moja tu. Nikamweleza kwamba zamani ilikuwa tangu usiku wa manane, na saa moja imekuja mwaka 1964. Akasema, "Mmedekezwa." Sikuwa na jibu.) Na ukishapokea, usikimbilie bodaboda wimbo wa mwisho haujaisha. Kaa. Dakika zile ndizo ninazoziona za thamani kuliko zote, na ndizo tunazozitupa.

Wapo wasioweza kupokea kwa sababu ndoa zao hazijafungwa kanisani. Naomba msiwatazame kwa jicho la pembeni mnapowaruka kwenye benchi. Ipo Komunyo ya tamaa: unamwambia Yesu nakuhitaji, sina namna ya kukupokea leo kwa sakramenti, njoo moyoni. Si kitu cha kufarijia watoto, Kanisa linaifundisha.

Mama yangu aliishi nayo miaka 11. Baba alikuwa hajamaliza mahari, wazee wa upande wa mama wamekaza, ndoa ikawa inaahirishwa kila mwaka. Tulikuwa tunakaa benchi la nyuma. Mimi nikishapata Komunyo ya kwanza nikawa naenda mbele peke yangu, yeye anabaki amepiga magoti. Nikirudi ananishika mkono, ananivuta, "Sogea hapa, kaa karibu yangu," ananibana ubavuni mpaka Misa inaisha. Nilidhani anazuia nisicheze.