Sakafu ya mbao bustanini inateleza

SWALI: Tunaishi Limuru. Nyuma ya nyumba tuna sakafu ya mbao, na kila msimu wa baridi na ukungu inageuka kijani na kuteleza vibaya. Fundi anashauri tuipige kwa mashine ya kuoshea magari. Ni sawa?

JIBU: Msimkimbilie huyo fundi. Maji ya kasi yakipigwa karibu huchimbua nyuzi za mbao. Uso ukishaota manyoya hunasa maji, na mwani, yaani huo ukijani unaoteleza, hurudi upesi kuliko mwanzo.

Fagieni kwa fagio gumu mbao zikiwa kavu. Kisha pitisheni kisu butu kwenye mianya. Majani yaliyooza humo ndiyo yanayotunza unyevu, na wengi huyaruka. Koroga gramu 100 za unga wa kutoa madoa wenye sodiamu pakaboneti katika lita 5 za maji ya uvuguvugu. Vaa glavu, mwagia, acha dakika 20 bila kukauka, sugua kwa brashi ya nailoni kufuata urefu wa ubao, kisha suuza. Brashi ya waya hapana: vipande vyake hubaki, hushika kutu na kuacha madoa meusi. Jiki huua mwani, ila hudhoofisha mbao, hula misumari na kunyausha maua. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu.

Mbao zikishakauka siku 2 au 3 za jua, pakeni mafuta ya mbao. Lakini kama kuna mti unaoweka kivuli hapo, mafuta peke yake ni kazi bure. Punguzeni matawi, inueni vyungu vya maua, na mkague mfereji wa paa usidondoshee hapo.