Bastola ya kipenyo gani kwa mwenye ghala?

SWALI: Nina ghala la korosho hapa Masasi, na nimeanza kuomba leseni ya bastola ya kujilinda. Jamaa mmoja ananiambia nichukue .45 (kipenyo cha risasi kwa inchi) kwa kuwa "inaangusha". Mwingine anasema .32 yatosha, haina teke. Viganja vyangu ni vidogo. Nimsikilize nani?
Msomaji, Masasi

JIBU: Waache wote wawili, ndugu yetu. Chukua 9x19, yaani ya risasi ya milimita 9.

Kichwa cha .45, yaani kipande kinachoruka, ni kizito, gramu 15 hivi, lakini huenda mita 260 tu kwa sekunde. Cha 9x19 kina nusu ya uzito huo, ila hutoka kwa mita 350. Kwa nguvu zimekaribiana, zote huchezea jouli (kipimo cha nishati) 450 hadi 500. Na hilo la kuangusha ni porojo za kijiweni: risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha mtu, ingekurusha na wewe uliyeshika bastola. Kinachomsimamisha mtu ni mahali ilipoingia na kina ilichofika. Hapo 9x19 inakufaa, maana teke lake ni dogo kuliko la .45 na risasi ya pili unailenga upesi.

.32 ina jouli 170 hivi. Ni chache mno.

Viganja vidogo visikutishe, ila usinunue kabla ya kuishika bastola yenyewe, ikiwa tupu na imekaguliwa. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuuzungusha mkono. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma. Bastola nyingi ndogo za .380 zina springi ngumu kuliko kubwa za 9x19, na hapo wengi hushangaa. Ukifyatua, kaza kifundo cha mkono. Kikilegea slaidi hairudi vya kutosha, ganda tupu linabanwa kwenye dirisha la kutokea, halafu lawama anapewa muuza risasi.

SWALI: Risasi zote za "9" si ni zilezile?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Hapana! Ipo 9x17, ambayo ndiyo hiyo .380, ipo 9x18 ya bastola ya Kirusi ya Makarov, na ipo 9x19. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na kichwa cha Makarov ni kinene kidogo. Soma kitako cha ganda na maandishi ya mtutuni, yasipolingana, usiijaze.

Kwa hewa ya chumvi ya pwani, usihifadhi risasi kwenye mkanda wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu, ganda linaota kutu ya kijani na kukwama chemba, tundu inamokaa risasi.