Mapipa bilioni 6.5 ya Uganda: mbona si miaka 82?

SWALI: Nimesoma kuwa Uganda ina mapipa bilioni 6.5 ya mafuta ghafi, na bomba la Hoima hadi Tanga ni la mapipa 216,000 kwa siku. Nikigawanya napata miaka 82. Mbona wataalamu wanataja miaka 25 hivi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kugawanya umegawanya vizuri, ndugu yangu. Kasoro iko kwenye namba uliyoanzia. Bilioni 6.5 ni mafuta yote yaliyomo mwambani kule Ziwa Albert. Yanayotarajiwa kutoka ni kama bilioni 1.4. Mengine yatanasa humo humo, kama mafuta ya nazi yanavyobaki kwenye chicha hata ukikamua mara tatu. Tena haya yana nta, yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo maana bomba lote la kilomita 1,443 linapashwa moto.

Haya, gawanya upya: bilioni 1.4 kwa mapipa 230,000 kwa siku yanayotarajiwa kutoka visimani, yaani 190,000 ya Tilenga na 40,000 ya Kingfisher, maeneo mawili ya visima kule Ziwa Albert. Inakuja pungufu kidogo ya miaka 17. Nayo bado haifai, maana kisima hakitoi sawasawa mpaka siku ya mwisho kikakauka ghafla. Tui la kwanza huwa zito, linalofuata jepesi. Msukumo wa chini hupungua, na kila pipa linapanda na maji mengi zaidi.

Chukua mfano, na hizi namba za kushuka ni zangu za kukadiria tu. Miaka 7 mkitoa 230,000 kwa siku mnakuwa mmechota karibu milioni 590. Kisha uzalishaji ushuke asilimia 10 kila mwaka, maana yake unakatika nusu kila baada ya miaka 7 hivi: mwaka wa 14 mko 115,000, mwaka wa 21 mko 57,000. Ukifika mwaka wa 28 jumla ni takriban bilioni 1.3, na kinachotoka ni kidogo kiasi kwamba gharama zinaanza kukishinda. Kwa njia kama hiyo ndipo wataalamu wanapofika kwenye ile 25 hivi. Kwa hesabu ya kweli, kila eneo lichorewe mkunjo wa uzalishaji wake na mwaka wake wa kuanza, ndipo ujumlishe.

Kwako Tanga kuna jingine. Uganda inapanga kiwanda cha kusafisha mafuta cha mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima. Kikijengwa, na pasipopatikana visima vipya, katika mfano wangu mwaka wa 21 kinayamaliza yote kabla hayajaingia bombani.