Ethi ya pampu iliyo mita 120: 2.5 haitoshi

Mkuu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi: pampu ya kisima ya hospawa 3 shambani Bagamoyo, mita 120 kutoka mein swichi, breka C20 (ya ampea 20), laivu na nyutro za milimita za mraba 10, ethi (waya wa usalama) ya 2.5 "kwa sababu breka ni ya 20". Kwa umbali huo amekosea. Usikubali afukie mtaro kabla ya kubadilisha.

Laivu imepandishwa hadi 10 kwa ajili ya volti. Pampu inayovuta ampea 15 kwa waya wa 2.5 ingepoteza volti 32 njiani. Kwa 10 inapoteza 8 tu. Hapo fundi kafanya vizuri. Lakini laivu ikigusa bodi (ganda la chuma) ya pampu, umeme unakwenda kwa laivu na kurudi kwa ethi, na njia ya kurudi ameiacha nyembamba.

Piga hesabu. Shaba ya 10 ina ukinzani wa miliomu 1.83 kwa mita, ya 2.5 ina 7.41. Jumla 9.24, mara mita 120, ni omu 1.11. Waya ukiwa wa moto zidisha kwa 1.2, upate 1.33. Ongeza ukinzani wa laini ya nje inayoleta umeme hadi mein swichi, tuseme 0.35 (ya kwako ipimwe): 1.68. Gawa 230 kwa hiyo, unapata ampea 137. C20 inataka mara 10 ya ukubwa wake, yaani 200, ili iruke (ikate umeme) papo hapo. Kwa 137 itasubiri joto sekunde kadhaa, na muda wote huo bodi ina volti kama 146. Aliyeshika bomba miguu ikiwa kwenye tope hana sekunde hizo.

Ethi ikiwa 10 unapata ampea 262, breka inaruka. Ya 6 inatoa 217: inapita, ila kiungo kimoja kikiota kutu ya chumvi akiba imekwisha. Kanuni ya Marekani inasema ukikuza laivu kwa ajili ya umbali, kuza ethi kwa uwiano uleule: 2.5 kwenda 10 ni mara nne, basi na ethi mara nne. Jedwali la IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme) linasema hadi 16, ethi ilingane na laivu. Zote zinakupeleka kwenye 10.

Kama nyumba inategemea rodi ya ethi iliyopigwa ardhini peke yake, mambo ni mengine. Kwenye mchanga mkavu rodi ya omu 40 inapitisha chini ya ampea 6, na breka haitajua kitu hata ethi iwe nene vipi. Hapo RCD (swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini) ya miliampea 30 ni lazima. Mimi ningeiweka kwa vyovyote. Rodi ya pili kisimani haichukui nafasi ya waya wa ethi.

Kabla ya kufukia, zima umeme, chomoa laivu na ethi pande zote mbili, zifunge pamoja upande wa pampu, upime upande wa mein swichi. Kwa 10 na 10 isome karibu omu 0.44. Ikisoma 0.6, kuna kiungo kibovu humo mtaroni.