Fahari ya Uhuru: Majibu kwa Barua Zenu za Oktoba

Barua zilizotufikia kuelekea sikukuu ya Uhuru ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: raia wa Uganda anayesimama wima wimbo wa taifa unapopigwa ajivunie nini hasa? Tumechagua barua tatu na kuzifupisha. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tororo. Tulipokuwa tukijiandaa kwa gwaride la tarehe 9 Oktoba, niliwaambia wanafunzi kuwa rangi nyekundu katika bendera yetu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akasema babu yake humwambia kwamba Uganda haikupigana na mtu, bali Waingereza walitukabidhi uhuru mezani, tofauti na majirani zetu Wakenya walioingia msituni. Darasa zima likacheka. Nimjibu nini mtoto huyu? Na kama babu yake anasema kweli, tunasherehekea nini? *Mwalimu, Tororo.*

Jibu: Mwalimu, tuanze na rangi, kwa kuwa hapo jibu ni fupi. Nyeusi ni watu wa Afrika, njano ni jua, na nyekundu ni undugu, kwa maana kwamba damu ya binadamu wote ni ya rangi moja. Si damu ya vita. Bendera yenyewe ilipatikana kwa haraka, kwani mwanzoni mwa mwaka 1962, chama cha DP (Democratic Party) kilipokuwa madarakani, kulikuwa na pendekezo la bendera ya kijani na buluu yenye umbo la korongo katikati. DP iliposhindwa katika uchaguzi wa Aprili, serikali mpya ya chama cha UPC (Uganda People's Congress) ikaliweka kando pendekezo hilo na kuleta mistari sita tunayoijua leo, iliyobuniwa na Grace Ibingira, aliyekuwa Waziri wa Sheria. Korongo hakuachwa. Hakuwa nembo ya ufalme wala kabila lolote, na katika nchi yenye falme za Buganda, Bunyoro, Tooro na Ankole, na watu wengi wasiowahi kuwa na mfalme, sifa hiyo haikuwa ndogo.

Sasa tumwendee babu. Anasema kweli kwa kiasi fulani: uhuru wetu ulijadiliwa katika mikutano ya London ya mwaka 1961 na 1962, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya Uingereza iliteremshwa pale Kololo, Kampala, pasipo risasi kulia. Lakini kabla ya watu kuketi mezani kulikuwa na miaka mingi ambayo babu ameiruka. Omukama (yaani mfalme) Kabalega wa Bunyoro alipigana na Waingereza na washirika wao kwa miaka kadhaa, mpaka akakamatwa Aprili 1899 katika nchi ya Lango pamoja na Mwanga, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda aliyekuwa ameondolewa kitini. Walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko, naye Kabalega akaruhusiwa kurejea mwaka 1923, akafariki Jinja akiwa njiani, asiione tena Bunyoro. Mwaka 1907 Wanyoro waliwakataa machifu wa Kiganda waliopachikwa juu yao na serikali ya kikoloni. Mwaka 1911 watu wa Lamogi, huko Acholi, walikataa kusalimisha bunduki zao na kujihami katika vilima vya Guruguru hadi mwaka uliofuata, wakashindwa.

Halafu ikaja awamu nyingine, isiyo na mikuki. Mwaka 1945 kulizuka migomo na ghasia Buganda, na mwaka 1949 ghasia zikarudi kwa nguvu zaidi. Tazama walichodai watu mwaka huo: wakulima wachambue pamba yao wenyewe, wauze mazao yao bila kulazimishwa kupitia kwa wenye leseni, na wananchi wawachague machifu wao. Hayo yalikuwa madai ya mkulima aliyepiga hesabu ya gunia lake la pamba akaona faida inakwenda kwa mtu mwingine. Ignatius Musazi, aliyekuwa amewakusanya wakulima hao katika chama chao, ndiye aliyeanzisha Uganda National Congress mwaka 1952. Kwa hiyo ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako mzizi wa tarehe 9 Oktoba, nadhani gunia la pamba litawafaa kuliko bunduki ya kubuni.

Ila usiwapambie historia. Gavana Andrew Cohen alipomfukuza Kabaka Mutesa II nchini mwaka 1953, watu walilia na kugoma hadi aliporejea Oktoba 1955, lakini jambo mojawapo lililomgombanisha Kabaka na gavana ni kwamba Buganda ilitaka kwenda njia yake peke yake, si kwamba ilikuwa ikiidai Uganda moja. Mgomo wa kununua bidhaa uliotangazwa mwaka 1959 nao uliwaumiza wafanyabiashara wa Kiasia, wengi wao wakiwa watu wa maduka madogo vijijini. Mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kuelewa kwamba watu walioidai haki yao walikuwa na makosa yao pia. Akikua akifichwa hilo, siku atakapolisoma mwenyewe hatakuamini hata katika yale ya kweli.

Na ukijaliwa kuwapeleka Kampala, wasimamishe mbele ya Mnara wa Uhuru. Wataona mwanamke aliyefungwa mwili kwa kanda kama mtu aliyezongwa, na juu yake mtoto aliyeinuliwa, mikono yake imenyooshwa angani. Kanda zile hazijamtoka mama. Ameachiwa kiasi cha kumwinua mwanawe tu, na mchongaji akaishia hapo. Mimi hulipenda sana wazo hilo, kwa sababu halidai kwamba mwaka 1962 kila kitu kilikwisha. Mchongaji ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea sanaa Makerere na kufundisha hapohapo. Jambo hilo litatufaa katika barua inayofuata.

Bwana Mhariri, mimi ni Mnubi wa Bombo, mzee wa miaka sabini na kitu. Lugha ya nyumbani kwangu ni Kinubi na Kiswahili. Katika sherehe za Uhuru za mwaka jana mjukuu wangu aliwasalimu wenzake kwa Kiswahili, wakamwambia hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi, na kwamba sisi turudi kwetu Sudani. Mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu amezaliwa hapa. Je, fahari ya Uganda ina lugha yake ambayo sisi hatumo? *Mzee wa Bombo.*

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. La uraia halina mjadala. Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake mmoja ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Wanubi wamo katika orodha hiyo kwa jina lao. Mwambie mjukuu ailete Katiba shuleni, afungue ukurasa huo, awaonyeshe wenzake pasipo ugomvi.

La lugha ni zito zaidi, na sitajifanya kwamba dharau ile haina chanzo. Wanubi wa kwanza waliletwa mwaka 1891 na afisa wa Kiingereza, Lugard, kama askari, wakiwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani, na ni askari hao waliotumiwa kuieneza himaya ya Waingereza. Baadaye Kiswahili kikawa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile wananchi wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mama aliyeambiwa kwa Kiswahili ashuke kwenye basi usiku, mumewe asionekane tena, hawezi kuipenda lugha hiyo kwa kuwa tu mhariri wa jarida amemsihi. Kumbukumbu za namna hiyo tuzistahi.

Hata hivyo, Kiswahili hakikuingia Uganda na Amin, wala na Waingereza. Kilifika katika makao ya Kabaka na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Kabaka Mutesa I alikielewa, na wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliotua kwake mwaka 1877 walitegemea Kiswahili kabla ya kujifunza Luganda. Leo hii marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yamekitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji unasuasua, kwa maana walimu ni wachache, na amri ya serikali peke yake haijawahi kumfundisha mtoto kuhesabu ngeli. Lakini katika sherehe za kitaifa, baada ya wimbo wetu wa taifa kupigwa, huimbwa wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nao ni wa Kiswahili. Walewale waliomcheka mjukuu wako wanauimba.

Kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, ndiyo maana nikataja alikozaliwa Maloba. Nembo ya uhuru wetu inayopigwa picha kuliko zote mjini Kampala imetoka katika mikono ya mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, na katika miaka yote hii sijamsikia mtu akidai ing'olewe kwa sababu hiyo.

Ndugu Mhariri, nina duka la rejareja hapa Arua. Kila Oktoba natundika bendera mlangoni. Mwaka huu kaka yangu amenikejeli kwamba mimi ni mnafiki, maana mwaka mzima nalalamika kuwa zahanati yetu haina dawa na barabara ina mashimo, kisha siku ya Uhuru najifanya mzalendo. Anasema nichague moja. Je, ana haki? *Mwenye duka, Arua.*

Jibu: Hana haki, na nitamjibu kwa mwezi mmoja wa historia yetu, yaani Septemba 1972.

Tarehe 2 ya mwezi huo, mjini Munich, afisa wa polisi kutoka Lango aitwaye John Akii-Bua alikimbia mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Alikuwa amepangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo wakimbiaji hawaipendi kwa kuwa kona zake ni kali. Alimaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, na kuiletea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Hakuketi kupumzika. Aliendelea kukimbia kuuzunguka uwanja kwa furaha. Nyumbani wakati huohuo Waasia walikuwa wamepewa siku 90 waondoke nchini, na watu wa kabila lake Akii-Bua walikuwa wakiuawa na askari wa Amin. Je, wananchi waliomshangilia walikuwa wakiishangilia serikali ile? Mtu aliyekuwapo atakuambia kwamba walijua vizuri kabisa kutenganisha viwili hivyo.

Tarehe 21 ya mwezi huohuo, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala wakamchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru aachiliwe Mwingereza aliyeshikiliwa na askari kinyume cha sheria. Kiwanuka hakurudi. Huyu ndiye aliyekuwa waziri mkuu wetu wa kwanza, kiongozi wa DP aliyeshindwa katika uchaguzi wa 1962 akaachia madaraka, asiwe yeye wa kuipokea nchi pale Kololo miezi sita baadaye. Alimwambia mwenye bunduki kwamba sheria ya Uganda hairuhusu jambo lile, akijua anamwambia nani. Kaka yako atuambie kama alikuwa mlalamikaji au mzalendo.

Na kama anataka jambo la kisheria, asome ibara ya 17 ya Katiba, inayotaja wajibu wa raia. Wa kwanza ni kuheshimu wimbo wa taifa, bendera, nembo na sarafu. Ukishuka katika orodha hiyohiyo utakuta kulipa kodi, kulinda mali ya umma, na mwishoni kupambana na rushwa na matumizi mabaya ya mali ya umma. Dawa za zahanati ni mali ya umma. Wewe unayetundika bendera na kuulizia dawa unaitekeleza ibara moja, mwanzo wake na mwisho wake, wakati anayetundika bendera na kunyamaza amesoma mstari wa kwanza akafunga kitabu.

Ila nina neno kwako pia. Malalamiko yanayoishia kwenye kaunta ya duka hayamfikii anayepaswa kuyasikia. Kila kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wakazi. Uliza ni nani anayewawakilisha ninyi, mwombe aeleze dawa zilizopokelewa mara ya mwisho na zilivyogawanywa, na asipojibu, lipeleke suala hilo kwa maandishi kwa diwani wenu katika baraza la kata, ubaki na nakala. Kuhusu bendera, hakikisha mstari mweusi uko juu na korongo ameuelekea mlingoti, na iliyochanika au kupauka usiitundike kabisa.